Chupa Haifunguliwi kwa Mtoto Mmoja

Alhamisi ile ya mvua walifika wanawake wawili tu kwenye zahanati ya Mgogozi, na nesi Perpetua alipotoka kibarazani akawaona, alijua hata kabla ya kuwasalimia kwamba safari yao imekwenda bure. Mmoja alikuwa mke wa fundi baiskeli wa pale pale kijijini, ambaye angerudi kwake kabla chai haijapoa. Mwingine alikuwa Naanyu, mke wa Kitashu, aliyetoka kwenye maboma ya wafugaji ng'ambo ya bonde, tope jeusi limempanda hadi magotini na mtoto mgongoni amefunikwa mfuko wa mbolea.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Na mvua yote hii umetembea?"

"Nimetembea."

Perpetua alimpima mtoto. Alikuwa msichana, anaitwa Resiato, mnene wa maziwa, na alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa kuchomwa sindano ya surua. Hilo ndilo lililomtoa mama yake kwenye mvua. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua, na kwa kuwa kwao jina la marehemu halitajwi, huzuni yake ilikuwa haina mahali pa kutokea isipokuwa miguuni. Alikuwa mtembeaji hodari wa kliniki. Hakuwahi kukosa tarehe hata moja.

Lakini dawa ya surua ina mambo yake. Inakuja katika kichupa kidogo cha watoto kumi, unga mkavu, na ukishautia maji yake lazima itumike siku hiyo hiyo. Inayobaki jioni inamwagwa. Miezi michache nyuma msimamizi kutoka wilayani alikuwa amemsimamisha Perpetua mbele ya wenzake na kumwambia kwamba Mgogozi inaongoza kwa kumwaga dawa za wafadhili, na wafadhili siku hizi wanahesabu kila tone. Perpetua alikuwa mtu wa milimani, wa Lumuma, aliyesomeshwa na wamisionari, na kusemwa mbele ya watu kulimchoma kuliko kukatwa mshahara. Tangu siku hiyo akawa hafungui chupa kwa mtoto mmoja wala wawili. Hakuna aliyemwambia awarudishe watu. Walimwambia tu asimwage, na hapo katikati wakamwacha ajitafutie njia mwenyewe.

Alimweleza Naanyu yote hayo bila kuficha. Mke wa fundi baiskeli alijifunga kanga yake akaenda zake. Naanyu alibaki amesimama.

"Kuna surua, nesi," alisema. "Maboma ya upande wa Kidete watoto wanakohoa."

"Nimesikia."

"Basi nitakwenda Mikumi."

Mikumi kulikuwa na kituo kando ya barabara ya lami, na watoto kule walikuwa wengi kiasi kwamba chupa ilifunguliwa kila siku. Lakini mpaka ufike ni kupanda lori la mkaa, kulala kwa mtu, na kurudi kwa lori lingine. Perpetua alimwangalia yule mama, akaangalia na miguu yake, akamhurumia. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyoharibu kila kitu.

"Usihangaike na Mikumi," alimwambia. "Nenda kawakusanye wenzako wenye watoto wa umri huu. Mkifika sita, siku yoyote ile, hata kama si Alhamisi, naifungua. Nakuahidi."

Naanyu akashukuru, akamrudisha mtoto mgongoni.

Jioni hiyo Kitashu alikuwa anamchoma sindano ndama. Zamani kazi hiyo ilifanywa na bwana mifugo wa serikali, lakini bwana mifugo alipunguzwa kazini mwaka juzi na ofisi yake sasa ilikuwa stoo ya mahindi ya mfanyabiashara mmoja. Badala yake yalizuka maduka ya dawa Mikumi, kando ya lami, ambamo mtu yeyote mwenye fedha aliuziwa chochote bila kuulizwa swali. Kila mfugaji akawa daktari wa ng'ombe wake. Kitashu alikuwa miongoni mwa wazuri.

Alipoelezwa habari ya chupa hakuamini.

"Mimi nafungua chupa ya kundi zima kwa ndama mmoja," alisema. "Inayobaki naitundika ukutani."

"Hii ikifunguliwa inaharibika."

"Basi dawa yenyewe si nzima."

Mama yake Kitashu, aliyekuwa anakamua karibu yao, alicheka. Kitashu hakucheka. Aliendelea kufikiri, maana alikuwa mtu anayetaka jambo limwingie akilini kabla ya kulikubali, na mwishowe likamwingia kwa njia ya ng'ombe. Alikumbuka enzi za chanjo ya sotoka, serikali ilipokuwa na magari. Bwana mifugo hakuja kwa ng'ombe mmoja. Alitangaza siku, makundi yote yakaletwa mahali pamoja, yakapitishwa kwenye kibanio moja baada ya jingine, kazi ikaisha. Kumbe nesi anataka hivyo hivyo. Kwa hiyo aliona ni jambo la haki, hata la heshima, na Mikumi ikasahaulika. Angeweza kuuza mbuzi wa nauli na Naanyu akaondoka kesho yake. Lakini kwa nini kuuza mbuzi, na nesi wa jirani ameshaahidi?

Naanyu alizunguka maboma siku kadhaa. Haikuwa kazi nyepesi. Mzee mmoja alimwambia wasubiri mvua ziishe. Mwanamke mwingine alisema mumewe yuko mnadani na hawezi kumtoa mtoto bomani bila yeye kujua. Naanyu akakaa mlangoni kwake mpaka akakubali. Alipata watano, pamoja na Resiato. Wa sita akawa hapatikani. Watoto wengine wote ama walikuwa wadogo mno, ama walishachomwa.

Akabaki Saitabau, mtoto wa Naishorua. Naishorua na mumewe walikuwa wageni, wamehamia juzijuzi kutoka upande wa Kidete na ng'ombe wachache, na boma lao lilikuwa halijakauka matope. Naanyu alimkuta amemlaza mtoto ndani, gizani.

"Ana joto tangu jana," Naishorua alisema.

"Anaota meno."

"Na macho yake hayataki mwanga."

"Ni moshi. Nyumba mpya huwa na moshi."

Naanyu alimgusa mtoto paji la uso, akaondoa mkono haraka. Hakuwa na uhakika. Lakini alikuwa na shaka ya kutosha kumrudisha mtu nyumbani kwake, na hakutaka kuisikiliza, kwa sababu wa sita alikuwa huyu na hapakuwa na mwingine.

"Kule kuna nesi na dawa," alisema. "Wakimchoma na yeye atapata nafuu. Bila wewe sisi hatufiki sita."

Tangu Naishorua ahamie pale hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bila yeye jambo haliendi. Alimfunga mtoto mgongoni asubuhi iliyofuata akawa wa kwanza njiani. Kwa ng'ombe, Kitashu asingekubali hata siku moja kundi lake linywe maji pamoja na kundi lililotoka kwenye ugonjwa; angesimama mtoni na fimbo. Kwa watoto hakuna aliyefikiri hivyo. Watoto si kundi.

Siku hiyo mbele ya zahanati palikuwa na Landrova nyeupe. Wanawake walisimama mbali kidogo wakaishangaa. Ukuta ulikuwa umepigwa chokaa mpya, na mganga wa zahanati, bwana Yared, alikuwa amevaa tai. Alitoka mbio kuwapokea, au tuseme kuwazuia.

Kulikuwa na wageni, aliwaeleza. Wametoka mkoani, wanatathmini huduma za chanjo vijijini, zahanati baada ya zahanati, na leo ni zamu ya Mgogozi. Kwa hiyo wasikae kibarazani. Waingie chumba cha mizani, wafunge mlango, wasubiri. Naanyu alijaribu kusema kwamba nesi amewaita. Bwana Yared alisema nesi anajua, wataitwa, waingie tu.

Chumba cha mizani kilikuwa na dirisha moja dogo na benchi moja. Walikaa wengine benchini na wengine sakafuni, magoti yamegusana. Walisubiri mpaka jua likapita dirisha. Saitabau alikohoa. Watoto walipoanza kulia njaa, Naanyu alitoa kibuyu chake cha maziwa, na kikapita kutoka mdomo wa mtoto mmoja hadi mwingine mpaka kikarudi kwake kitupu, kama ilivyo desturi yao, maana mtoto wa mwenzio akilia huanzi kuuliza ni wa nani.

Hatimaye mlango ulifunguliwa. Aliingia mmoja wa wale wageni, kijana nadhifu mwenye viatu visivyo na tope, anaitwa Damiano, akauliza nani anajua Kiswahili vizuri. Wote wakamwangalia Naanyu, aliyekuwa akiuza maziwa kwa wafanyakazi wa reli tangu akiwa msichana. Damiano akamtoa nje, akamkalisha kwenye kiti, jambo ambalo halijawahi kumtokea hapo zahanati, na kuanza kumuuliza maswali.

Alikuwa mpole na mwenye adabu. Alimuuliza kama nesi anatumia lugha nzuri. Naanyu akasema nzuri. Alimuuliza kama anaambiwa tarehe ya kurudi. Anaambiwa. Alimuuliza ana watoto wangapi, na Naanyu akanyamaza, kwa kuwa kwao watoto hawahesabiwi kama magunia. Damiano akarudia swali kwa sauti ya juu zaidi na taratibu zaidi, kama mtu anayezungumza na kiziwi, wagonjwa wawili waliokuwa wamekaa chini ya mti wakageuka kuangalia. Naanyu aliona aibu.

"Ninao," alijibu.

Damiano akatikisa kichwa kwa uvumilivu, akaendelea.

"Je, umewahi kuja hapa na mtoto ukarudishwa bila chanjo?"

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Ndani Naanyu alimwona Perpetua amesimama kando ya friji, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri kusomewa matokeo. Naanyu hakuwa mwongo. Lakini alikuwa na ahadi moja tu mkononi, na aliyempa alikuwa yule pale. Akimsema leo, nani atawafungulia chupa? Alifikiri kwa haraka, kwa akili ya mtu mwenye shida, na kwa upande wake alifikiri sawasawa.

"Hapana," alisema. "Sijawahi kurudishwa."

Damiano akamshukuru, akamruhusu arudi kwa wenzake.

Perpetua aliingia baadaye kidogo akiwa na kipimajoto. Aliwahesabu kwa macho, akatabasamu. Alikuwa amefurahi kweli kweli, maana katika moyo wake ahadi ile ilikuwa inamsumbua. Akaanza kuwashika watoto mmoja mmoja. Alipofika kwa Saitabau tabasamu likaisha. Alimwekea kipimajoto kwapani, akasubiri, akakisoma.

"Huyu ana homa," alisema. "Mwenye homa hachomwi."

Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na kama mafundisho yalikuwa yamebadilika, hakuna aliyekuwa amefika Mgogozi kumwambia. Macho mekundu aliyaona pia. Siku nyingine yoyote angeyaangalia mara ya pili, angemfunua mtoto mdomo atazame ndani ya mashavu. Lakini bwana Yared alikuwa anamwita alete bilauri za soda za wageni, mara ya pili sasa, na sauti yake ilikuwa imeanza kukaza.

"Basi mko watano," Perpetua alisema.

"Ulisema sita, nesi. Tumekuja sita."

"Nilisema wa kuchomwa sita."

"Watano wamepungua nini?"

Perpetua alijua kwamba hawakupungua kitu. Angekuwa peke yake angeifungua, na tumwamini katika hilo. Lakini kwenye friji palikuwa na chupa moja tu ya surua mpaka gari la Kilosa lije, keshokutwa ilikuwa Alhamisi, mvua imekata, kina mama wa kijijini wangekuja wengi. Na mle ofisini watu walikuwa wameinama kwenye friji hiyo hiyo wakitazama kilichopo na kilichomwagwa. Akifungua sasa, nusu ya chupa ingemwagwa jioni mbele ya macho yao. Aliona tena siku ile aliyosimamishwa mbele ya wenzake.

Damiano alikuwa amesimama mlangoni. Naanyu akamgeukia.

"Bwana, wewe ni mkubwa. Mwambie atuchomee."

Wenzake wakaacha kunong'ona. Perpetua naye alimtazama Damiano, na kama kuna wakati alitamani kuamriwa, ulikuwa huo. Neno moja tu lingemwondolea mzigo.

"Mama," Damiano alisema kwa upole, "sisi tumekuja kuangalia kazi inavyofanyika. Haturuhusiwi kuingilia."

Ndivyo alivyoelekezwa kwenye semina: mtathmini akiingiza mkono wake, huduma anayoipima si ile ya kila siku. Ni hoja nzuri na ina watu wengi wa kuitetea. Alichokiona mlangoni pale kilimpa picha njema ya nesi anayejua kutunza dawa.

"Njooni keshokutwa," Perpetua aliwaambia, macho yake yako kwenye kipimajoto. "Alhamisi. Bila kukosa."

Naanyu alisema asante. Hakujua kwa nini amesema asante. Njiani aliona hasira, lakini hakuna mtu wa kumpa hasira hiyo, maana waliokuwa naye wote walikuwa wamemfuata yeye. Mke wa yule mtu wa mnadani alisema kwa sauti kwamba afadhali angelala. Naishorua alitembea nyuma kabisa, kama mtu aliyevunja chungu cha watu.

Siku iliyofuata Saitabau alitoka vipele, nyuma ya masikio kwanza, kisha uso mzima. Hapo kila mtu alijua ni nini.

Wazee walikutana na kufanya wanachofanya siku zote ugonjwa unapoingia kwenye ng'ombe: walifunga maboma. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, mpaka ugonjwa upite. Ni sheria nzuri, imewaokolea mifugo mingi, na Kitashu mwenyewe ndiye aliyewekwa njiani kuisimamia. Alhamisi asubuhi Naanyu alimfunga mtoto mgongoni, akamkuta mumewe amesimama njia panda na fimbo.

"Nesi ametuambia leo," Naanyu alisema.

"Tumefunga."

"Mtoto wako bado mzima. Akichomwa leo atakuwa mzima."

"Nikikupitisha wewe, kesho nitamzuia nani?" Kitashu aliuliza. Hakuwa mkali. Alikuwa amesimama pale tangu alfajiri na watu walikuwa wamemheshimu. "Wakiona mke wangu anapita, sheria imekufa."

Naanyu alitazama upande wa pili wa bonde, ambako bati la zahanati lilikuwa linang'aa juani. Kisha akageuka akarudi nyumbani. Mgogozi siku hiyo walikuja kina mama wengi, chupa ikafunguliwa, ikatumika yote. Perpetua aliwasubiri wale watano mpaka jioni.

Ugonjwa ulichukua siku zake kama unavyofanya, ukimya kwanza, mpaka watu wakaanza kusema labda umepita. Kisha watoto wote watano wakawaka homa karibu pamoja. Wa yule mtu wa mnadani alikufa. Jina lake, kwa desturi ya kwao, halitajwi tena, na hapa pia hatutalitaja. Saitabau alipona akaanza kutambaa uwanjani kama hajawahi kuugua, na Naishorua akawa anamwingiza ndani kila alipomwona mama wa marehemu anapita.

Resiato alipoanza kuhema kwa shida, Kitashu alivunja sheria yake mwenyewe. Aliuza mtamba kwa bei ya kutupa, wakapanda lori mpaka hospitali Kilosa. Ilikuwa imeanza miaka ile ya kuchangia gharama za matibabu, na huko walikuta kila kitu kina dirisha lake la kulipia: kumwona daktari, kitanda, hata sindano na glavu ilibidi Kitashu akanunue duka la ng'ambo ya barabara. Karani mmoja alimwuliza kwa nini wanaleta watoto wakiwa wameshaoza, na kwa nini hawapendi chanjo, watu wa porini. Kitashu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsema hivyo mbele ya mkewe, alitazama chini akahesabu noti zake.

Mtoto alipona. Kifua kilifunguka, homa ikashuka, akanyonya. Macho ndiyo yaliyochelewa. Yalikuwa yamegandamana kwa usaha, na yalipofunguka yalikuwa na wingu jeupe. Waliporudi nyumbani bibi yake alisema wingu hilo litaondoka lenyewe. Kitashu alisema hata ndama hupata hivyo, baada ya mwezi unasahau ni yupi aliyeumwa. Naanyu aliwasikiliza wote wawili na hakubisha. Lakini alianza tabia mpya: kila alipomsogelea mtoto alikuwa anaongea, au anaimba, au anatikisa shanga za mkononi. Mtoto akigeuka kuelekea kwake, moyo wake ulitulia. Ameniona, alijiambia. Hakuwahi kumsogelea kimya hata mara moja.

Matokeo ya tathmini yalisomwa Kilosa, kwenye ukumbi, mbele ya wahudumu wa wilaya nzima. Mgogozi ilisifiwa. Upotevu wa dawa umeshuka sana, kina mama wanaridhika, na hakuna malalamiko ya kurudishwa bila huduma. Perpetua aliitwa mbele akapigiwa makofi, akapewa baiskeli ya kwendea vijijini. Wale wale walioshuhudia akisemwa ndio waliokuwa wanapiga makofi, na kwa muda mfupi alikuwa na furaha kubwa. Alirudi Mgogozi ameifunga kwenye keria ya basi, na mke wa fundi baiskeli, aliyekuja kuitazama, ndiye aliyempa habari za maboma ya ng'ambo.

Hakulala vizuri. Asubuhi, bila kutumwa na mtu na bila kumuaga bwana Yared, alifunga kasha la barafu kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli akavuka bonde. Sehemu kubwa aliikokota, kwa sababu ya tope.

Alimkuta Naanyu amekaa nje, kivulini mwa nyumba, mtoto mapajani. Alimwamkia mama mkwe kwanza, shikamoo yake ikapokelewa kwa sauti ndogo. Akauliza kama wapo watoto ambao hawakuugua. Wakatafutwa, wakapatikana watatu, waliokuwa wadogo siku ile na sasa wamefikisha umri. Perpetua akafungua chupa, akaitia maji yake, akaitikisa. Watoto hao watatu walilia kabla ya kuguswa. Sindano ilipotokea tu mbele yao walijinyonga mikononi mwa mama zao, wakafumba macho, wakapiga mateke. Kazi ikaisha haraka.

Kisha akaja akachuchumaa mbele ya Naanyu.

"Mama Resiato," alianza. "Siku ile nilikosea. Nimekuja kukuambia hivyo."

"Ungeniambia hapana tangu siku ya kwanza," Naanyu alisema. "Ningekwenda Mikumi."

Perpetua alianza kukusanya vitu vyake.

"Dawa imebaki?" Naanyu aliuliza.

"Imebaki nyingi."

"Mchome huyu."

"Ameshaugua, mama. Haitamsaidia kitu."

"Lakini haitamdhuru."

"Haitamdhuru."

"Basi mchome."

Perpetua angeweza kueleza. Alivuta dawa kwenye bomba. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, na Kitashu, aliyekuwa anarudi kutoka zizini, alisimama hapo hapo alipofika. Naanyu alimkalisha mtoto kwenye ngozi, chini, amemwelekea nesi, akamfunua bega. Halafu akamwachia, akasogea akakaa kando ya nesi. Hakuimba, hakuongea, na mkono wenye shanga aliushika kwa mkono mwingine.

Perpetua aliiinua sindano mbele ya uso wa mtoto, karibu, akaishikilia hapo kuliko inavyohitajika. Resiato alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameinua kichwa kidogo kuelekea walikolia wale wenzake, anasikiliza. Sindano ilikaribia, ikafika, na bega lake dogo lilikuwa limelegea mpaka ilipoingia.

Ndipo akashtuka, akapiga ukelele, akanyoosha mikono yote miwili kumtafuta mama yake. Akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia, akapapasa ngozi. Mama yake alikuwa amekaa mbele yake kabisa.